Nyumba ya Mama Mkwe Asiyepimwa

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nyamwaga, wakulima, wafugaji, waendesha bodaboda na wale wasio na kazi maalumu, kwamba Waisiko, mama yake Erasto, sasa ni Mzee. Hadhi hiyo amepewa na wanawe wawili katika kikao kilichofanyika wodini, yeye mwenyewe akiwepo, amelala chali na mguu umefungwa. Kwa mujibu wa hadhi hiyo, mhusika hatabeba ndoo, hatafukuza ng'ombe wa watu migombani, wala hatasimama bila sababu inayoeleweka. Mhusika atakaa. Mwenye pingamizi amwone Erasto.

Mwenye pingamizi alikuwa mmoja tu, naye ndiye mhusika.

Tatizo ni kwamba Waisiko hakuwahi kukaa. Si sifa hiyo, ni ugonjwa. Alipokuwa msichana alipeleka ndizi Sirari kwa miguu, akarudi na sufuria za Kenya, akauza sufuria, akanunua tumbaku, akaipeleka anakokujua mwenyewe. Alipoolewa, mumewe Nyamhanga alisubiri miaka mingi amwone mke wake ameketi na sahani ya chakula imejaa kwa wakati mmoja, akafariki hajaona. Waisiko alikula amesimama karibu na mafiga, tonge mkononi, jicho mlangoni. Kanisani alitoka nje kila mahubiri yalipoanza. Katekista alipomuuliza kulikoni, akamjibu kwamba neno la Mungu analisikia vizuri zaidi akitembea.

Kilichomwangusha ni kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Marehemu mumewe alikiinua kwa mawe na saruji ili maji ya mvua yasiingie ndani. Maji hayakuingia. Lakini asubuhi moja Waisiko naye hakutoka. Alijikwaa, nyonga ikavunjika, akalala pale akiwatukana kuku mpaka jirani yake Boke alipomsikia. Boke, mjane mwenzake mwenye mdomo usio na breki, alidhani ni matusi ya kawaida, akamalizia kwanza kupepeta ulezi wake.

Alipotoka hospitali alipelekwa Turwa, mjini Tarime, kwa binti yake Agness na mumewe Nashoni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa sababu ya heshima.

Tueleweshane. Kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye meza moja, chumba anacholala hakanyagi, na habari za mwili wake hazitaji hata kwa kuzungukazunguka. Ni utaratibu mzuri. Ila waliouweka walikuwa na maboma mapana, ambapo mtu na mkwewe waliweza kuheshimiana kwa umbali wa shamba zima. Hawakuwahi kuijua nyumba ya Turwa yenye vyumba vitatu, korido moja na choo kimoja.

Basi Nashoni, kijana mpole, mchoraji wa ramani za nyumba, akawa anakohoa kabla ya kila kona. Akitoka chumbani, anakohoa. Akienda kunywa maji, anakohoa. Majirani wakamwita Agness pembeni na kumshauri ampeleke mumewe akapimwe kifua. Jioni Nashoni alikula ugali wake ndani ya gari, kioo kimepandishwa. Waisiko naye kila akisikia kikohozi alijitupia kanga kichwani, na kwa kuwa vikohozi vilikuwa vingi, alishinda gizani kama kuku aliyefunikwa tenga. Na choo, Mungu atusamehe, wote wawili walikihitaji saa zilezile.

Siku moja Agness alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda kitupu. Mama yake alikuwa njiani kwenda Nyamwaga, juu ya bodaboda, mguu mbovu umenyooka mbele kama boriti, anamwelekeza dereva pa kupita.

Erasto alipiga simu kutoka Mwanza jioni ileile. Erasto ni mtu wa ofisi. Hata akimwomba mkewe chumvi hutoa ajenda kwanza.

"Mama, nimepokea taarifa."

"Umezipokea, zihifadhi."

"Sikiliza, mama. Nakuja Krismasi. Nikikuta unaweza kwenda chooni, kupika na kutoka nje bila kushikwa na mtu, utabaki hapo kwako. Nikikuta vinginevyo, unapanda gari na mimi."

Waisiko alikata simu akaanza kuzunguka uani na mkongojo wake. Mwanza alishawahi kwenda. Erasto anakaa ghorofani, na pale mtu hatoki mpaka afunguliwe geti, na geti lina mbwa. Walimweka kwenye kochi mbele ya televisheni. Akisimama, mkwe wa kike anauliza, "Mama, unataka nini?" Hataki kitu, anataka kusimama. "Mama, kaa, nitakuletea." Utaletaje kusimama? Alirudi Nyamwaga amevimba miguu, na kwa muda mrefu neno *pumzika* lilimtia kichefuchefu.

Aliyejitolea kumwokoa ni Nashoni, kwa sababu nzuri na kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa amehudhuria semina, akarudi na maneno mapya: nyumba rafiki kwa wazee. Isiyo na ngazi wala kizingiti. Milango mipana. Choo ndani, cha kukaa. Vyuma vya kushikilia ukutani. Vitasa vya kusukuma hata kwa kiwiko. Mzee anaishi peke yake, anajitegemea, hamsumbui mtu wala hasumbuliwi. Waisiko aliposimuliwa na Agness sehemu ile ya kutosumbuliwa, akasema, "Ajenge."

Ujenzi ukaanza palepale bomani, jiko la zamani liliposimama. Fundi, yaani Nashoni, akiingia mbele, mwenye nyumba anatokea migombani kwenda kwa Boke. Fundi akiondoka, mwenye nyumba anarudi kukagua, anapigapiga ukuta kwa mkongojo, anakanyaga mchanga, anawauliza vibarua kwa nini wamekaa.

Kisha Nashoni akafika kwenye choo, akakwama.

"Nahitaji kimo," alimwambia mkewe.

"Kimo cha nini?"

"Cha kiti cha choo. Na vyuma vya ukutani. Lazima vilingane na mtu."

"Nashoni, unamzungumzia mama yangu."

"Nazungumzia kiti."

"Na kiti kinakaliwa na nani?"

Nashoni akakohoa, ingawa hapakuwa na kona.

Angeweza kumwomba Agness akampime mama yake. Lakini hicho kipimo angekiandika kwenye ramani kwa mkono wake mwenyewe: hapa ni goti la mama mkwe, hapa ni nyonga ya mama mkwe. Angewezaje tena kupita mbele za watu? Akaamua jambo la busara. Binti si anafuata mama? Akampima Agness. Alimpima vizuri sana, akiwa amekaa, amesimama, amenyoosha mkono, na akajenga kwa vipimo hivyo bila kukosea hata unywele.

Agness ni mrefu. Kamfuata baba yake, ukoo wa watu wanaoinama mlangoni hata mlango ukiwa wa kanisa. Waisiko ukimweka karibu na ndama wa mwaka jana, utaona kwanza ndama.

Nyumba ilipokwisha ilipendeza kweli. Kuta nyeupe mno, zinaumiza macho. Badala ya ngazi kulikuwa na njia ya mteremko, imekwaruzwa isiteleze, na Waisiko aliipanda na kuishuka siku nzima, mpaka vibarua wakauliza kama kapoteza kitu. Milango ilipitisha ng'ombe na ndama wake bila kusukumana. Akaingia chooni, akafunga. Boke akabaki nje, sikio limekaa tayari.

"Vipi huko?"

Boke akagonga mlango.

"Mama Erasto! Vipi?"

"Miguu inaning'inia."

"Inaning'inia vipi?"

"Kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Nyamaza."

Chuma cha kushikilia kilikuwa usawa wa sikio. Angekishika angefanana na abiria aliyekosa siti kwenye basi la Musoma. Sinki lilimfika kidevuni. Kushuka kutoka kile kiti ilibidi aruke, na daktari alikuwa amemkataza kuruka, katazo ambalo wakati ule lilimchekesha. Aliita, Boke akaingia, akamshusha kama anavyoshushwa mtu kwenye lori.

Sasa nani amwambie Nashoni? Agness alijaribu kwa simu. "Kuna marekebisho kidogo." Kidogo gani? "Kidogo tu." Wapi? "Humo humo." Nashoni akaona aje mwenyewe. Akasimama migombani, mgongo kaugeuzia nyumba. Waisiko akasimama ndani nyuma ya dirisha, kanga kichwani. Boke akajiweka katikati, amefurahi kama aliyealikwa harusi.

"Mwambie mama shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie marahaba."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Endelea."

"Muulize nyumba anaionaje."

"Anauliza unaionaje."

Waisiko akatazama dari. "Mwambie ni nzuri."

"Anasema ni nzuri," Boke akapaza sauti. "Lakini anadanganya."

"Boke!"

"Muulize," Nashoni akasema kwa shida, "tatizo liko juu au liko chini?"

"Liko juu au chini, Mama Erasto?"

Waisiko akafikiri. Juu ni haya. Chini ni haya zaidi. "Mwambie liko katikati."

Hata mbuzi waliinua vichwa. Nashoni aliwasha gari akaondoka, na kikohozi chake kilisikika mpaka barabarani.

Basi Waisiko akarudia choo cha zamani, kile cha shimo, ng'ambo ya uwanja. Na mvua zikaanza. Uwanja wa Nyamwaga ukinyeshewa huwa sabuni. Kila safari ilikuwa vita: mkongojo mbele, mguu mzima, mguu mbovu, pumzi, tena mkongojo. Asubuhi moja mkongojo uliteleza akaning'inia kwenye mgomba, na mgomba, ambao ulikuwa na mkungu mzito, ukaanza kulala naye taratibu kuelekea chini. Boke alimkuta hivyo.

"Una choo cheupe ndani kama cha waziri, unakufa huku kwenye matope!"

"Niinue kwanza, matusi baadaye."

"Ukivunjika tena, Erasto hakuulizi. Anakupakia."

"Najua."

"Umwambie mkweo basi! Mwambie, mimi ni mfupi!"

"Hajaniona. Atajuaje kwamba mimi ni mfupi?" Waisiko alisema kwa ukali, kana kwamba ufupi wake ulikuwa siri ya ukoo.

Juma lile Erasto akapiga simu kusema likizo imetoka mapema, anakuja siku chache zijazo, na ameshatengeneza chumba. Kimewekwa kochi jipya.

Waisiko hakulaza mwili. Alipanda mteremko, akashuka. Alikwenda migombani, akarudi. Alihesabiwa na kuku wake kama mmoja wao. Mwishowe akaenda kwa Boke, aliyekuwa anakandika ukuta wa jiko lake kwa udongo mwekundu, na bila kuulizwa akatia mikono kwenye tope akaanza kukandika naye. Ilimtuliza kidogo. Alipobanwa na haja, mvua ilikuwa inamwagika, na uwanja ulikuwa haupitiki. Akaingia kwenye nyumba nyeupe na mikono yake ya matope, akafika mlango wa chooni, nyonga ikamsaliti. Akajishika ukutani.

Akasimama. Mkono ulipotoka, ulibaki pale: vidole vitano vyekundu juu ya rangi nyeupe ya Nashoni.

Alijaribu kuufuta kwa kanga, ukawa mkubwa zaidi. Akautazama. Ulikuwa chini sana ya kile chuma cha abiria. Ulikuwa mahali hasa alipohitaji kushika, na pale mahali hapakuwa na kitu.

Akarudi kwa Boke kuchukua tope, sufuria nzima.

Boke alipomfuata alimkuta anatembea ndani ya ile nyumba polepole kama mwizi, na kila mwili ulipoomba msaada, anaupa ukuta mkono. Kwenye korido, mkono. Kando ya kitanda, mkono. Pembeni ya choo, mikono miwili, mmoja wa kukalia na mmoja wa kuinukia. Kwenye sinki alichora mstari usawa wa tumbo lake kwa kidole. Kisha akaleta kigoda chake cha jikoni, akakaa, akaona kiko chini mno, akakiweka juu ya tofali, akakaa tena, akainuka. Akakiacha hapohapo, kando ya kile kiti cha miguu kuning'inia.

"Umechanganyikiwa," Boke alisema kwa heshima.

"Bado ukuta wa jikoni. Lete tope."

"Na mkweo akiona? Huo si mkono wako?"

"Ni udongo wako."

"Lakini umbo ni la mkono wako. Mkwe akiushika, si kakushika wewe? Wazee wakiuliza?"

"Wazee waje waning'inie wao."

Agness alipofika na kuona kuta, alipiga ukelele uliowatoa watu mashambani. "Mama! Rangi! Rangi mpya, mama!" Kisha akaona kigoda juu ya tofali karibu na choo. Akatazama mkono wa ukutani, akatazama chuma kilicho juu yake, akatazama kimo cha mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Akatoka nje na simu.

Nashoni alikuja kesho yake na drili. Waisiko alikuwa kwa Boke, anazunguka jiko.

"Kaa basi," Boke alisema akiwa dirishani.

"Sikai. Anafanya nini?"

"Kaingia."

"Halafu?"

"Yuko chooni, namwona kwa dirisha. Kasimama mbele ya mkono wako." Boke alibana uso kwenye nondo za dirisha. "Kavua kofia."

"Kwa nini kavua kofia?"

"Midomo inacheza. Mama Erasto! Mama Erasto, anausalimia! Anausalimia mkono wako!"

Waisiko akajikuta ameinamisha kichwa, huko mbali, ndani ya jiko la mtu mwingine. "Marahaba," akasema kwa sauti ndogo. Boke alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo wake.

Kelele za drili zikafuata, na za nyundo ikivunja zege. Nashoni alishusha kiti mpaka kikalingana na kigoda na tofali lake, na sinki mpaka kwenye mstari wa kidole. Alifunga chuma juu ya kila mkono, lakini kwa kutobolea pembeni ya vidole, asivitoboe. Agness alipomwambia apake rangi upya, alikataa katakata. Kumpitishia mama mkwe brashi ya rangi? Hilo hakuliweza. Mikono ikabaki, miekundu, kila mmoja umepewa chuma chake.

Erasto akafika na gari likiwa limetayarishwa nyuma, siti zimelazwa kwa ajili ya mizigo. Alisalimia, akanywa uji, akasimama kama mkaguzi.

"Nani amechafua kuta?"

Agness alitazama kucha zake. Boke, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, hakusema neno.

"Haya," Erasto akasema. "Tuanze na jiko."

Waisiko akapika. Alisonga ugali amejiegemeza kwenye chuma, mkono mmoja wa kushika na mmoja wa mwiko. Akapanda mteremko, akashuka, akamrushia kuku mahindi. Erasto alitikisa kichwa kwa mizani, upande huu na ule. Kisha mama yake akaingia chooni, akafunga mlango kwa ndani.

Nje, Erasto akasubiri. Akatembea korido nzima, akarudi. Akatazama saa. "Mama? Uko sawa?"

Ndani, Waisiko hakuwa sawa. Kukaa kulikuwa rahisi. Miguu ilifika chini, nyayo zote mbili kwenye sakafu. Alipojaribu kuinuka, nyonga ilikataa. Alivuta chuma, mwili ukapanda nusu, ukarudi. Jasho likamtoka. Ng'ambo ya mlango alisikia viatu vya mwanawe vya ofisini, na nyuma ya viatu aliliona kochi, geti, mbwa, na sauti laini ikimwambia asihangaike. Hakuna aliyemwona, na hilo ndilo lilimpa muda. Alisogeza mkono chini kidogo, ukafika pale alipokuwa ameuweka mwenyewe siku ile ya tope, akasukuma na mguu mzima, akauma meno.

Akasimama.

Alibaki amesimama hivyo, peke yake, mlango umefungwa. Akafungua bomba akanawa mikono, ilipotakata akainawa tena. Sinki lilikuwa tumboni. Viatu vya Erasto vilipita, vikarudi.

"Mama, nafungua mlango!"

"Fungua uone aibu."

Alipotoka, Erasto alikuwa amejaa mlangoni kutoka upande hadi upande, macho yamemlowa, ingawa angekanusha. Akakohoa, kikohozi cha mkutano.

"Mama," akaanza, "nimeona. Nakiri nilikuwa na wasiwasi. Sisi watoto wako, baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia mazingira haya ambayo shemeji ameyaboresha, tumeridhia. Utaishi hapa, katika nyumba yako, kwa uhuru wako na heshima yako, bila kutegemea mtu yeyote, kwa muda wote Mungu atakaokujalia. Hilo tumelipitisha rasmi. Una neno lolote?"

"Sogea," Waisiko akasema, "nataka kupita."